Kipara cha Zablon na Neno la Shangazi Bhoke

Ewe ulimi, nyama usiye na mfupa, wewe uliyejenga nyumba na kubomoa koo, amka leo unitumikie! Nawe msikilizaji, weka chini hilo jembe, zima hiyo redio, mfukuze kuku atoke mlangoni, kisha ukae kitako. Nataka kusimulia vita vikuu vilivyopiganwa Nyarero, katika wilaya ya Tarime, vita ambavyo havikumwaga damu hata tone moja ila vilimwaga maziwa, tope na dawa ya meno. Vilikuwa vita vya mtu mmoja dhidi ya jua, na uwanja wenyewe wa mapambano ulikuwa juu ya kichwa chake.

Mtu huyo ni Zablon mwana wa Mokami, Zablon wa pikipiki nyekundu, mkata kona asiyeshika breki, mbeba magunia, mbeba wagonjwa, mbeba mbuzi wasiotaka kubebwa. Kijiweni kwao hakuwepo aliyemshinda kwa mbio, wala kwa maneno. Hakuogopa askari wa barabarani, hakuogopa utelezi wa masika, hakuogopa mbwa wa Nyamongo ambao hata wenye mbwa wanawaogopa. Kitu kimoja tu kilimtia hofu, nacho ni kioo. Kila alipojitazama aliona nywele zake za mbele zimerudi nyuma kidogo tena, kama ng'ombe wanaohama malisho yaliyokwisha.

Sasa Jumamosi ile Zablon alipaswa kuvuka Mto Mara na kuingia upande wa Serengeti, kwenda kujitambulisha kwa Mzee Simioni, baba yake Winfrida. Huyu Winfrida alikuwa na duka la spea za pikipiki pale Nyamongo. Uzuri wake ulijulikana mpaka ndani ya mashimo ya dhahabu, lakini ulimi wake ulijulikana mbali zaidi. Wachimbaji, watu wanaoshuka chini ya ardhi kwa kamba na tochi bila kutetemeka, walisimama kwanza nje ya duka lake wakapanga maneno, ndipo wakaingia kuulizia plagi. Zablon alimpenda kwa moyo wake wote. Hilo nalisema wazi mapema, kwa sababu bila hilo habari hii yote ingekuwa ujinga mtupu.

Na Mzee Simioni alikuwa na sheria zake. Hakuzungumza na mtu aliyevaa kofia, awe nani awe. Tena hakuwaamini watu wanaojikuna. Alikuja mchumba mmoja mwaka uliopita, kijana wa koti na viatu vya kung'aa, akaketi vizuri, akasalimu vizuri, halafu katikati ya mazungumzo akajikuna shingo. Mzee akamtazama akasema, "Mtu anayejikuna mbele ya wakwe ana jambo linalomtafuna ndani. Nenda ukalimalize kwenu." Kijana aliondoka na soda yake haijafika nusu.

Zablon alizijua sheria hizo zote mbili, ndiyo maana Alhamisi asubuhi alijipeleka mwenyewe kwa kinyozi. Aliwaza hivi: kama kofia itavuliwa, basi nywele zilizobaki zisiwasaliti wenzao waliokimbia. Zinyolewe zote, ziende pamoja. Kinyozi akanyoa, akapangusa, akatikisa kitambaa. Kichwa kikatoka safi, lakini machoni pa Zablon hakikung'aa inavyostahili kichwa cha bwana harusi mtarajiwa. Akapita kwa mama anayekaanga maandazi pale stendi ya bodaboda, akaomba kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, akajipaka kuanzia utosini mpaka kisogoni.

Kisha akaitundika helmeti kiwikoni, wanavyofanya mashujaa wa kijiwe, akaenda kusimama mbele ya duka la Winfrida ili kichwa kionekane. Saa hiyo ilikuwa mchana, jua limesimama katikati, hata mbwa wamejibanza chini ya magari.

"Zablon," Winfrida akasema bila kuinua macho kutoka kwenye boksi la nati, "hiyo helmeti umekinunulia kiwiko?"

"Nimeivua ili nikuone vizuri."

"Ingia ndani basi, au uivae. Jua litakukaanga. Mafuta umeshaweka."

Hapo Zablon akatanua kifua, akaunyosha mkono wake wa kulia kuelekea mbinguni, na wapita njia wakasimama kumsikiliza. "Ewe Winfrida binti Simioni! Nimezaliwa chini ya jua hili, nimechunga chini ya jua hili, nimebeba mifuko ya saruji chini ya jua hilihili! Jua linawachoma Wazungu wanaokuja huko Serengeti kutazama simba, wale wenye kofia pana na mafuta meupe puani. Mimi jua ni ndugu yangu!"

"Haya," akasema Winfrida. "Msalimie ndugu yako." Akarudi kwenye nati zake.

Jua lilisikia. Halikujibu siku ileile, kwa maana mkubwa hajibizani na mtoto barabarani. Lilimwacha ajisifu mpaka alasiri, likamwacha arudi nyumbani Nyarero, likamwacha ale ugali wake na kulala. Ijumaa alfajiri likatoza deni lake. Zablon aliamka akidhani mtu ameacha pasi ya mkaa juu ya mto wake, akapeleka mkono kuitoa, akakuta ni kichwa.

Kilikuwa kimekaza, kimevimba, kinatoa joto. Kikiguswa kilimuuma, kisipoguswa kilimwasha. Ulikuwa muwasho wa kumfanya mtu mzima aizunguke nyumba yake mwenyewe kama mgeni asiyeona mlango. Zablon akainua vidole vitano, akavikumbuka vidole vya yule kijana wa koti, akavishusha. Kesho yake angekuwa mbele ya Mzee Simioni, bila kofia, bila ruhusa ya kujikuna. Akajiona tayari anavuka daraja kurudi, peke yake, na soda haijafika nusu. Machozi yakamlenga, na hayakuwa ya maumivu tu.

"Mama," akaita, "nimekwisha."

Mokami akatoka jikoni. Alikuwa mama wa kanisa, msoma masomo ya Jumapili, mwanamke aliyeinyoosha lafudhi yake ya Kikurya kwa miaka mingi mbele ya kipaza sauti. Akakitazama kichwa cha mwanawe kwa muda mrefu. "Umekipaka nini?"

"Mafuta ya maandazi."

"Basi kimeiva," akasema. Kisha akaingia ndani, akachovya kitambaa cha pamba katika maji ya mtungini, akakamua kidogo, akamtandikia kichwani kwa mkono mwepisi kuliko maneno yake.

Naam, maji baridi ni askari mwaminifu, na mimi sitamsema vibaya. Kitambaa kilipokuwa kibichi Zablon aliweza kufumba macho na kushukuru. Lakini kilikauka upesi, na kila kilipokauka muwasho ulirudi na jamaa zake. Mokami akakata tango vipande vyembamba akampanga navyo kichwani. Navyo vilipoza, wala si uongo, ila kila alipoinama viliporomoka kimoja kimoja, na kuku wa pale nyumbani wakaanza kumfuata nyuma kila anakokwenda, wakiamini Mungu amewakumbuka. Akatumwa mtu kwa jirani, Waisiko, aliyekuwa na mshubiri mkubwa nyuma ya nyumba, kuomba ute wake. Jibu likarudi kwamba mshubiri umekatwa wote, kuku wa Waisiko wana kideri na wamenyweshwa wote mpaka shina.

Ndipo akatokea Ngeleja. Huyu alikuwa mpangaji wao, Msukuma kutoka Geita aliyefuata dhahabu, mrefu, mkarimu, mwenye sauti ya kuzimu. Kama ilivyo kwa watu wengi wa kwao, herufi R ilimkataa tangu utotoni, naye akaikataa. "Lafiki yangu," akasema, "kinywa kikiwaka moto, dawa yake ni hii. Kinapoa. Kwa nini kichwa kisipoe?" Akafungua dawa ya meno ya kijani, ile yenye mnanaa, akakamua yote, akampaka.

Kwa pumzi moja Zablon alisikia ubaridi wa asubuhi ya Juni. Kwa pumzi ya pili alisikia kitu kingine. Sitaeleza alivyokimbia, wala ndoo aliyoingizia kichwa, wala maneno aliyomwambia Ngeleja, maana humu wamo watoto. Itoshe kusema kwamba mbwa wa jirani walianza kubweka, wakamtazama, wakaacha.

Ikabaki njia moja. Katika ukoo ule, mambo yote yaliyoshindikana yalipelekwa kwa Shangazi Bhoke, dada wa marehemu baba yake Zablon, aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na ambaye kesho yake ndiye angeongoza msafara wa ukweni. Bhoke alikuwa hazina ya dawa na ushauri. Ila yeye herufi L ilikuwa haijapata kupita mdomoni mwake. Chakula kwake kilikuwa chakura, kulala kwake kulikuwa kurara, na jirani yao Mluhya alikuwa na jina ambalo sithubutu kujaribu. Kati yake na Ngeleja walikuwa na alfabeti kamili, tatizo hawakuwahi kukaa nyumba moja.

Zablon akapiga simu. Mtandao wa mpakani, usiojua uko nchi gani, ukakoroma, ukashika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba Zabron mwanangu! Nimeambiwa na mama yako. Hee, mura, kijana wewe! Kichwa cha kupereka ukweni ndicho unakaanga?"

"Shangazi nakufa. Nipe dawa."

"Dawa ni mara. Paka mara."

"Mara ngapi, shangazi?"

"Mara ngapi nini? Mara ni mara! Paka mara!"

"Naipata wapi?"

"Si iko hapo kwenu! Mnayo tere! Chukua ire baridi. Maji umwage, chukua ire nzito. Paka kichwa chote, kirare nayo mpaka nije asu..."

Simu ikakatika, na kila walipojaribu tena, bibi mmoja wa mtandao aliwajibu kwa Kiingereza.

Baraza likaketi uani. Mokami akasema kwamba wifi yake alikuwa ametaka kutaja idadi ila akasahau. Ngeleja akakuna kidevu, haki ambayo yeye alikuwa bado nayo. "Mimi naona ni mala tatu. Dawa zote ni mala tatu."

"Ni mara, Ngeleja," akasema Mokami kwa upole wa mwalimu wa Sunday school. "Siyo mala."

"Ndivyo nilivyosema, mama. Mala."

"Mara!"

"Mala!"

Lo, msikilizaji! Dawa ilikuwa imetajwa pale uani, kwa sauti, tena ikasahihishwa. Hata Mokami alisita kidogo. "Wifi yangu hana L," akasema polepole. "Huenda yeye alitaka kusema mala, akasema mara." Wakatazamana wote watatu. "Lakini mala ni nini?" akauliza, na hakuna aliyejua, kwa sababu Nyarero hapakuwa na kitu chenye jina hilo. Basi wakaliacha neno la kweli limesimama mlangoni, wakafunga.

Hapo ndipo akili ya Zablon, iliyokuwa imechemka tangu alfajiri, ilipowaka. Akaruka juu, kipande cha mwisho cha tango kikaanguka. "Mara!" akapaza sauti. "Ni Mto Mara! Amesema iko kwetu, tena tele. Amesema ni baridi. Amesema maji tumwage, tuchukue ile nzito. Ile nzito ni nini? Ni tope! Shangazi anataka tope la Mto Mara!"

Hakuna aliyeweza kulipinga neno hilo, maana kila kipande kilikaa mahali pake. Ngeleja akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mama Mokami, na wewe lafiki yangu uliyeungua," akasema kwa ile sauti ya kuzimu. "Mungu alipogawa kazi, mimi alinipa matope. Tope ninalijua, nalo linanijua. Limewahi kunizika mala moja, likanionja, likanitema. Dawa ya meno ilikuwa kosa langu, nami sitalala na deni hilo. Nipeni ndoo, nipeni funguo za pikipiki. Nakwenda Mala!"

Akavaa helmeti, kichwani, na kuondoka kwa vumbi. Alifika mtoni akawakuta akina mama wanafua. Wakaliona jitu lile linaingiza mkono kwenye tope, linanusa, linakataa, linasogea, linanusa tena. Mmoja akamuuliza kama anachimba dhahabu kwa ndoo ya maandazi. Ngeleja akajibu kwa heshima kwamba anachimba dawa ya bwana harusi. Walicheka mpaka shati la mume wa mtu likaenda na maji.

Alirudi jua linaelekea kutua, na ndoo imejaa. Mokami alimkandika mwanawe kichwa chote, kuanzia juu ya nyusi mpaka shingoni, na kweli tope lilikuwa baridi, tena baridi tamu. Zablon akalia kwa raha. Akamsifu shangazi yake, akausifu mto, akawasifu waliochora mipaka ya mkoa wakaupa jina la mto. Akalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Lakini tope, msikilizaji, huwa linakauka. Jumamosi alipoamka hakuweza kuinua nyusi. Tope lilikuwa limeshika ngozi yake na kuivuta pande zote, limepasuka nyufa, na ndani ya kila ufa muwasho ulikuwa umejenga na kuhamia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, hathubutu kucheka wala kulia, wakati gari la kutoka Sirari liliposimama barabarani na Shangazi Bhoke kushuka, amefunga kitenge kipya, mkoba kwapani.

Bhoke akaingia uani. Akasimama. Mkoba ukaanguka.

"Nani amemsiriba mtoto kama nyumba?"

"Wewe, shangazi," Zablon akasema, midomo tu ikicheza. "Ulisema tupake Mara."

"Mara, ndiyo! Mara! Hii ni nini?"

"Ni Mara. Ngeleja ameifuata mwenyewe mtoni."

Bhoke akashika kichwa chake mwenyewe, kizima. "Mtoni? Mara ya ng'ombe! Mara ya kunywa! Maziwa yakikamuriwa, yakawekwa, yakarara, yakaganda, si ndiyo mara? Kwetu Kenya tunaita mara! Maziwa yariyorara!"

Kisha Ngeleja akainuka taratibu, mikono juu, kama mtu aliyeonyeshwa mbingu. "Maziwa lala," akasema. "Ma-la. Mala! Nilisema tangu jana! Mkanisahihisha!"

Mokami akageuka kutazama jikoni. Kule, juu ya kigingi, kilikuwa kinaning'inia kibuyu chake kikubwa cha maziwa ya mgando, yaliyolala siku zote hizo umbali wa hatua chache kutoka kwenye kichwa kilichoyahitaji. Alikuwa ameyagandisha kwa mkono wake, kwa moshi na subira, yawe zawadi ya wakwe. Akakumbatia kibuyu kifuani. "Haya ni ya Mzee Simioni," akasema.

"Na kichwa hiki ni cha nani?" akauliza Bhoke. "Kisipopoa, hayo maziwa utampa nani?"

Mokami akamtazama mwanawe, nyufa na yote, naye akaona yale macho mawili yanayomwomba katikati ya tope. Akakitoa kibuyu.

Wakaliondoa tope kwa maji ya mtungini, polepole, bila kusugua. Kisha Bhoke akamwaga majimaji ya juu, akachota ile nzito, akampaka. Ah! Wafalme wamewahi kuvikwa taji la dhahabu wasisikie alichosikia Zablon. Ubaridi uliingia taratibu, haukukimbia, haukuuma, ukakaa kama mgeni mwenye adabu. Ngozi ikalegea. Nyusi zikarudi kazini. Wakampaka tena, wakamfunika kitambaa kibichi, wakampaka tena, mpaka saa ya safari ilipofika. Shangazi alimsuuza juujuu tu, kwa maana aliamini dawa isiondolewe yote. Akamvisha kofia laini ya pamba, na kile kibuyu, kikiwa kimebaki nusu, kikafungwa mdomo kikapakiwa.

"Habari ya nusu nyingine," akasema Mokami, "tutakufa nayo."

Mokami akabaki nyumbani, nao wakavuka daraja. Zablon hakuutazama mto.

Sebuleni kwa Mzee Simioni palipangwa makochi yenye vitambaa vyeupe, na wazee wa kwao wamejaa. Zablon akakalishwa katikati, shangazi kulia, Ngeleja kushoto kama rafiki wa muoaji. "Shikamooni," wakasema. "Marahaba," wakajibiwa. Mzee Simioni alikuwa mwembamba, amenyooka, na macho yake hayakuwa na haraka. Akasema neno moja tu.

"Kofia."

Zablon akaivua. Wazee wakakitazama kile kichwa, kimebabuka vipande vipande. Bhoke akaanza hotuba yake ya kuomba uhusiano, hotuba ndefu yenye mababu, mito na mifugo, na muwasho, ambao ulikuwa umesinzia njia nzima, ukafumbua jicho. Zablon akaikaza mikono juu ya magoti. Akamwona Winfrida akipita na sinia, naye akamtazama kichwa, kisha macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusema lolote. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Ndipo adui wa mwisho alipotokea. Alikuwa paka. Paka mkubwa wa Mzee Simioni, mwenye milia na sikio moja lililotoboka, mla panya, mchukia watu, aliyewahi kumkwaruza hata mchungaji. Akaingia mlangoni, akasimama, akainua pua. Alikuwa amesikia harufu ya maziwa ya mgando, na haikutoka kwenye kibuyu. Akapanda kwenye mgongo wa kochi. Akaja mpaka nyuma ya Zablon, akaweka mikono yake miwili juu ya bega, na akaanza kukilamba kile kichwa.

Msikilizaji, unaujua ulimi wa paka? Ni msasa. Umewekwa na Muumba kwa ajili ya kukwangua nyama kwenye mfupa. Mlambo wa kwanza ulimfikia Zablon mpaka kwenye kucha za miguu. Wa pili ulimkumbusha dhambi zake. Kila kiungo cha mwili wake kiliomba ruhusa ya kuruka, kupiga kelele, kumrusha yule mnyama mpaka mjini Mugumu. Bhoke alikwama katikati ya babu wa tatu.

"Paka," akanong'ona Ngeleja kwa hofu. "Mala."

"Paka, mara," akanong'ona Bhoke, na kwa hakika safari hii hapakuwa na la kusahihisha.

Zablon hakutikisika. Alikumbuka kwamba kwao kijana hufundishwa kusimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Lakini wakati ule huwa ana kijiji kizima nyuma yake kinaimba. Hapa alikuwa na paka tu. Akamtazama Winfrida kule mlangoni, akayaacha macho yake palepale, akapumua kwa pua. Paka alilamba utosi, akalamba kisogo, akalamba mahali ambapo nywele za mbele zilikuwa zamani. Aliporidhika alijilaza juu ya bega lake, akaanza kukoroma.

Kisha Mzee Simioni akasimama, na wazee wote wakasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "alikuja hapa mtu wa koti, akashindwa na shingo yake mwenyewe. Huyu ameungua, nimemwona. Kinamwasha, nimemwona. Na huyu shetani wangu amemlamba kidonda mbele yenu, naye hakupepesa jicho. Mimi nina binti. Mnaujua ulimi wake, sina haja ya kuwaficha wageni. Aliupata kwa mama yake, yule pale, nami nimeishi chini ya ulimi huo miaka yote na bado nipo." Akanyoosha kidole kuelekea kochini. "Mwanaume anayeweza kutulia chini ya ulimi wa paka, ndiye atakayeweza kutulia chini ya ulimi wa Winfrida. Leteni vikombe. Tunywe maziwa yao."

Vigelegele vikapasua bati! Kibuyu kikafunguliwa, Mzee akanywa, akasifu ugandishaji, akashangaa kidogo kwa nini kimekuja nusu. Bhoke akakohoa. Mokami hakuwepo, lakini nasikia kule Nyarero alipaliwa bila sababu. Na kuanzia siku ile, kijiweni, watu hawasemi tena mwaka wa mvua kubwa au mwaka wa barabara mpya. Wanasema kabla ya Zablon kulambwa, na baada.

Jioni, wageni walipokuwa wanapakia, Zablon alikuwa peke yake kando ya pikipiki nyekundu, ameshika helmeti, hajui aivaeje. Winfrida akaja na bakuli la maziwa ya mgando.

"Inama," akasema.

Akainama. Winfrida akachota kwa vidole viwili, akaanza kumpaka, taratibu, kuanzia pale mbele palipokuwa wazi tangu zamani na ambapo Zablon alidhani hakuna aliyewahi kupaona.

"Hii ya kiwiko utaanza lini kuivaa kichwani?"

"Leo."

"Nimesikia."

"Utanipaka mara ngapi?" akauliza Zablon, uso chini.

Winfrida akafikiri. "Mpaka nywele ziote."

Na wote wawili walijua kwamba za mbele hazitaota.